Karatasi zilingoja, watu hawakungoja: kisa cha shirika lililoandika historia yake

Usuli

Kisa hiki kinahusu shirika dogo la hisani katika mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, linalohudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili. Majina yote yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Shirika lilikuwa likikaribia kutimiza miaka 60, na wadhamini wakaamua historia yake iandikwe. Walitaka mambo matatu: kitabu kidogo, maonyesho katika maktaba ya mji, na nyaraka zote zikabidhiwe kwenye hifadhi ya kaunti. Ilipatikana ruzuku ya miezi 18, akaajiriwa mratibu wa siku tatu kwa wiki, na wakajitokeza watu wachache wa kujitolea, wengi wao wastaafu waliowahi kufanya kazi za ofisi.

Mashirika ya aina hii nchini Uingereza yana asili inayofanana. Sheria ya mwaka 1913 kuhusu upungufu wa akili ilizipa mamlaka uwezo wa kuwaweka watu katika taasisi, na wengi hawakutoka tena. Sheria ya Elimu ya 1944 ilifungua shule kwa mamilioni ya watoto, lakini mtoto aliyepimwa na kuambiwa kwamba hafundishiki aliondolewa kwenye idara ya elimu na kukabidhiwa idara ya afya. Mwaka 1946 mama mmoja, Judy Fryd, aliandika barua kwenye jarida la Nursery World akiwaita wazazi wenzake. Barua hiyo ndiyo iliyozaa chama cha kitaifa ambacho leo kinaitwa Mencap. Vikundi vya wazazi vikachipuka mji baada ya mji, na shirika la kisa hiki ni mmoja wa watoto wa wimbi hilo.

Lilianza katika ukumbi wa kanisa, Jumamosi alasiri, ili mama apate saa chache za kupumua. Baadaye wazazi walianzisha darasa lao wenyewe, wakalipia mwalimu kwa fedha za minada ya vitu vikuukuu, na hatimaye wakanunua basi dogo. Kisha sheria ya 1970 ikawapa watoto wote haki ya kusoma, bila kujali kiwango cha ulemavu, na kuanzia Aprili 1971 jukumu hilo likawa la idara ya elimu. Darasa la wazazi likafungwa kwa sababu walichokipigania kilikuwa kimepatikana. Kamati ikagawanyika: wengine walitaka chama kivunjwe, wengine wakauliza watoto wale watakwenda wapi wakishakuwa watu wazima. Hao wa pili walishinda, na tangu hapo shirika likawa la watu wazima.

Miezi minane ya karatasi

Mradi ulianza na masanduku 11 yaliyokaa kwenye chumba cha juu cha ofisi. Uamuzi huo haukujadiliwa sana. Kumbukumbu za vikao zilikuwa kamili tangu kikao cha kwanza, jambo ambalo ni nadra kwa shirika dogo, na kila mtu alidhani uti wa mgongo wa kitabu umeshapatikana.

Kazi ya masanduku yenyewe ilifanywa vizuri, na inafaa kuelezwa. Kabla ya kugusa chochote, kila sanduku lilipigwa picha likiwa wazi na kupewa namba. Karatasi hazikupangwa upya kwa miaka, kwa sababu mpangilio wa zamani unaonyesha nani alitunza nini na aliona nini ni muhimu. Pini na vibanio vilivyoshika kutu viliondolewa kwa kisu butu cha plastiki, na bendi za mpira zilizoyeyuka zikatolewa taratibu. Karatasi zenye ukungu zilitengwa kwenye bahasha zao mbali na nyingine. Selotepu ya zamani haikubanduliwa, kwani ikivutwa hutoka na wino. Hiyo iliachiwa mtaalamu wa hifadhi. Picha zilishikwa kwa kingo, na maelezo yakaandikwa nyuma, pembeni kabisa, kwa penseli laini. Kalamu ya wino huacha mkandamizo unaoonekana upande wa mbele, na wino wake hupenya. Albamu zile zenye kurasa za gundi na plastiki ziliskaniwa zilivyo, bila kung'oa picha. Nyaraka ziliskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, picha kwa 600, na nakala mbili zikawekwa katika majengo tofauti.

Zilikuwemo pia kaseti chache za sherehe za Krismasi. Jambo la kwanza ni kuvunja vijimeno viwili vya plastiki kwenye ukingo wa kaseti, ili mashine isiweze kurekodi juu ya sauti iliyopo. Mtu akibonyeza kitufe kisicho chake, yaliyomo ndiyo yamekwenda.

Mwezi wa nane rasimu ya sura nne ilipelekwa kwa wadhamini. Iliandikwa vizuri na tarehe zake zilikuwa sahihi. Mmoja wa wadhamini, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa akili, alisomewa rasimu hiyo kwa vikao viwili. Akauliza: sisi tumo ukurasa gani?

Mratibu alirudi kwenye vitabu vya kumbukumbu na kutafuta. Katika miaka 20 ya kwanza, wanachama walitajwa kama "watoto", hata walipokuwa na miaka 30. Jina la kwanza la mwanachama kuandikwa kwenye kumbukumbu lilihusu kioo cha dirisha kilichovunjika na nani atalipa. Katika picha, wafadhili na mameya walikuwa na majina yao chini. Wanachama waliandikwa "wanachama wakifurahia matembezi". Baada ya 1993 hali haikuwa nafuu. Sheria ya 1990 ya huduma za afya na matunzo ya jamii ilikuwa imeanza kutekelezwa kikamilifu, ruzuku ya jumla ikageuka kuwa mkataba wenye masharti na hesabu, na kurasa zikajaa fedha, bima na ukaguzi.

Njia ilivyogeuzwa, na nani hakuwahi

Wadhamini waliamua kusimamisha uandishi na kutumia miezi iliyobaki kuwahoji watu. Waliorodhesha wanachama wote waliokuwa na shirika tangu kabla ya 1980. Orodha ilipokamilika ikaonekana kwamba wawili kati ya wazee zaidi walikuwa wamefariki wakati masanduku yakipangwa, na wa tatu, mwanamke mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili), alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu.

Hili lilikuwa linatabirika. Watu wenye ulemavu wa akili nchini Uingereza hufariki miaka mingi mapema kuliko watu wengine, na wenye Down syndrome hupata ugonjwa wa Alzheimer mapema, mara nyingi katika umri wa miaka ya 50. Ratiba inayoanza na karatasi ni ratiba iliyochagua kuwapoteza baadhi ya mashahidi wake. Karatasi zilikuwa zimekaa kwenye chumba kile miaka 60 na zingekaa mwaka mmoja zaidi.

Mahojiano

Wanachama 19 walikubali kuhojiwa, na pamoja nao wazazi na wafanyakazi wa zamani wachache. Mahojiano mawili ya kwanza yaliharibika, na kuharibika kwake ndiko kulikofundisha njia.

Yalifanywa ofisini, mezani, kwa orodha ya maswali. "Ulijiunga mwaka gani?" halikujibika. "Ulipenda kituo?" lilijibiwa ndiyo. "Hukukipenda?" nalo likajibiwa ndiyo. Ni jambo linalojulikana kwa wanaofanya kazi hii: mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya watu wenye mamlaka hujifunza kwamba kukubali ndiko salama, na akipewa chaguo mbili mara nyingi hushika la mwisho kusikika. Zaidi ya hapo, msaidizi wa mhojiwa alikaa katikati na kujibu kwa niaba yake, kwa upendo kabisa, mara nane ndani ya nusu saa.

Kuanzia hapo utaratibu ukawa huu. Mazungumzo yalifanyika mahali anapopachagua mwenyewe, asubuhi, kwa dakika 20 hadi 30, na kurudiwa siku nyingine badala ya kurefushwa. Msaidizi alikaa pembeni, nyuma kidogo ya mhojiwa, akielezwa mapema kwamba kazi yake ni kumpa utulivu na kufafanua matamshi pale tu anapoombwa. Baada ya kila swali mhojaji alinyamaza akihesabu moyoni hadi kumi. Maswali ya ndiyo au hapana yaliachwa, na jambo zito liliulizwa tena siku nyingine kwa njia tofauti. Jibu likigeuka, halikuandikwa kama ukweli. Kinasa sauti kiliwekwa juu ya kitambaa kuzuia mtikisiko wa meza, na faili zikahifadhiwa kwa muundo wa WAV, kilohezi 48 na biti 24.

Badala ya miaka, walitumia vipindi vya maisha ya mtu mwenyewe: kabla mama hajafa, basi lilipokuwa la bluu, ulipokuwa ukikaa kwenye nyumba ya mlimani. Hapo vitabu vya kumbukumbu vikapata kazi yao halisi, maana basi la bluu lilikuwa na risiti yake na nyumba ilikuwa na hati. Mwanachama alitoa tukio, karatasi ikatoa mwaka.

Vitu vilizungumza kuliko picha. Kadi ya kugonga saa ya kuingia kazini, birika kubwa la chai, tiketi za bahati nasibu. Mwanamume mmoja asiyetumia maneno alijulikana kwa mwendo fulani wa vidole: anachukua kitu kisichokuwepo, anakiangusha, mara kadhaa, kisha anakunja. Kwa miaka mingi faili lake liliueleza kama tabia ya kujirudia. Mratibu alikuwa amesoma kwamba kituo cha mafunzo cha halmashauri, alikopelekwa shirika liliposimamisha darasa, kilifungasha skrubu kwa mkataba na kiwanda. Akamwekea mezani mifuko midogo ya plastiki na kopo la skrubu. Bwana yule akatia sita katika mfuko wa kwanza, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili, akausukuma kulia, akavuta wa pili. Sita tena. Alifanya hivyo bila kukosea mpaka kopo likaisha. Kumbukumbu za kamati zina mstari mmoja tu kuhusu kazi ile: kwamba wanachama "wanashughulishwa". Mahojiano yake yalirekodiwa kwa video, na yamo katika maonyesho kwa urefu wake wote.

Maamuzi matatu magumu

La kwanza lilihusu ridhaa. Sheria ya Uwezo wa Kuamua ya 2005 inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na uwezo huo hupimwa kwa kila uamuzi peke yake. Mtu anaweza kuelewa kabisa kwamba anarekodiwa na asielewe kwamba wageni watasoma maneno yake miaka 30 ijayo. Kwa hiyo ridhaa iligawanywa mara tatu, kwa siku tatu tofauti: kurekodiwa, kutumiwa katika kitabu na maonyesho baada ya mtu kuona na kusikia kipande chenyewe, na kuhifadhiwa katika hifadhi ya kaunti. Fomu zilikuwa za sentensi fupi zenye picha, na kwa hatua ya tatu kila mmoja alipelekwa kuiona hifadhi yenyewe, rafu na chumba cha kusomea. Watu 16 walikubali yote. Wawili walikubali kitabu wakakataa hifadhi. Mmoja hakuweza kufikia uamuzi wa kuchapishwa hata kwa msaada. Baada ya kikao na wanaomjua, sauti yake ilibaki kwake mwenyewe kama zawadi na haikutumika popote.

La pili lilikuwa la kifamilia. Mwanamume mmoja alitaka kusimulia miaka yake katika hospitali kubwa nje ya mji, moja ya zile zilizoanza kutiliwa shaka hadharani baada ya ripoti ya Hospitali ya Ely, Cardiff, mwaka 1969, iliyofichua wagonjwa kutendewa vibaya, lakini zikachukua miongo kufungwa. Dada yake alipinga: familia ilikuwa imewaambia majirani kwamba kaka yupo kwa shangazi. Wadhamini waliamua kwamba historia ni ya aliyeiishi na anao uwezo wa kuamua kuitoa. Jina la ukoo na kila kinachomhusu dada vikaondolewa, na dada akaonyeshwa ukurasa kabla ya kuchapwa. Hakuridhika, lakini hakuendelea kupinga.

La tatu lilikuwa zito kuliko yote. Mwanachama alisema alikuwa akipigwa na mfanyakazi katika miaka ya 1970, na alimtaja mtu ambaye bado yuko hai. Mhojaji alikuwa amefundishwa la kufanya: asimdadisi kwa maswali ya kumwongoza, asiahidi siri, aandike maneno yaleyale alivyoyasikia, na siku hiyohiyo amjulishe mhusika wa ulinzi wa watu wazima wa shirika. Taarifa ikaenda halmashauri na polisi. Wadhamini wawili walitaka jambo limalizwe ndani kwa ndani kwa kuwa ni la zamani na maadhimisho yako karibu. Mwenyekiti alikataa, na alikuwa sahihi: shirika halina mamlaka ya kuchunguza tuhuma dhidi yake lenyewe. Kipande hicho kiliondolewa kwenye mradi wote wakati mamlaka zikifanya kazi yake, na mwanachama akapewa mtetezi huru asiyelipwa na shirika.

Matokeo

Kitabu kilitoka kikiwa kimechelewa miezi mitano, nusu ya urefu uliopangwa. Kila sura inaanza na mwanachama, na kamati inafuata pale inapohitajika kueleza kwa nini jambo lilitokea. Maneno ya zamani ya kudhalilisha yameachwa ndani ya majina ya sheria na nyaraka, na hayatumiki mahali pengine. Picha 140 kati ya zile zisizo na majina zilipata majina, kwa vikao vya chai ambamo zilitandazwa mezani tatu tatu. Zikizidi hapo watu huchoka na kuanza kubahatisha. Nyaraka ziko katika hifadhi ya kaunti, na mafaili yenye habari za afya za watu yamefungwa kwa miaka 100.

Maonyesho yalikuwa na kasoro za aibu. Mabango yalitundikwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, na wenye viti vya magurudumu wakasoma nusu ya chini tu. Toleo la sauti la kitabu lilitoka wiki sita baada ya lile la karatasi, maana yake wasioweza kusoma ndio waliosubiri historia yao wenyewe.

Uchambuzi

Kosa kuu lilikuwa la mpangilio, na liliingia kwa sababu ya wingi wa karatasi. Shirika lenye nyaraka pungufu lingelazimika kuwaendea watu tangu siku ya kwanza. Kumbukumbu za vikao ni chanzo kizuri cha fedha, majengo na ugomvi wa kamati, na hapo hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Hata kuhusu kamati zina ukimya wake. Hospitali zilipoanza kupunguza wagonjwa, watu waliokaa humo miaka mingi walirudi mjini bila familia yoyote kwenye kamati, na vitabu havisemi walipokelewaje. Wanachama wanasema: kwa muda mrefu walikaa meza yao peke yao. Wazazi waasisi walikuwa na hofu kwamba nafasi chache walizozihangaikia zitachukuliwa na wageni. Hofu hiyo inaeleweka, na historia ya kweli lazima iiseme bila kuwavunjia heshima waliojenga kila kitu kwa minada ya vitu vikuukuu.

Ridhaa ya hatua tatu iligharimu muda mwingi kuliko mahojiano yenyewe, na ilistahili. Hatua ya pili, ya kusikia kipande kabla ya kukubali, ilibadilisha maudhui: wanachama wanne waliondoa jambo, na watatu wakaongeza. Bila hatua hiyo fomu ingebaki ya kulilinda shirika.

Malipo yalifikiriwa vizuri. Kuwapa wahojiwa fedha taslimu kungeweza kugusa posho zao za serikali zinazopimwa kwa kipato, hivyo walirudishiwa nauli, wakapewa chakula na nakala ya rekodi. Wahojaji wenye ulemavu wa akili, wawili waliofunzwa katikati ya mradi, walipata majibu marefu kuliko mratibu kutoka kwa watu walewale. Walipaswa kufunzwa mwezi wa kwanza.

Mpango wa ulinzi ulifaa kwa kuwa uliandikwa kabla ya kinasa sauti kuwashwa, ukiwa na jina la mtu wa kupigiwa simu na namba yake. Kilichokosekana ni msaada kwa mhojaji mwenyewe, aliyerudi nyumbani jioni ile na yale aliyoyasikia bila wa kuzungumza naye.

Bajeti nayo ilielekezwa kwenye skana na uchapaji. Shirika jingine likipanga kazi kama hii, kifungu kikubwa kiwe saa za watu: wasaidizi wa kuwasindikiza wahojiwa, ziara za kurudia, mtu wa kunakili sauti anayeyazoea matamshi magumu. Saa moja ya mazungumzo ya kawaida huchukua saa sita hivi kuandikwa. Hapa baadhi zilichukua mara mbili ya hizo, na video ya skrubu ilihitaji maelezo ya kila tendo kwa ajili ya wasioona. Maelezo hayo aliyaandika dada wa bwana yule, akiitazama video mara kwa mara na kusimamisha kila mfuko.